Mbu Hastaafu

Mtu akistaafu hupata wasaa wa kujiuliza maswali ambayo zamani alikuwa akiwauliza wanafunzi wake tu. Nilifundisha historia kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa uongozi wa skuli, na katika miaka hiyo niliandika ubaoni majina ya masultani, ya magavana, ya mikataba na ya vita. Muhtasari wa masomo haukututaka kamwe tuandike jina la mbu. Hata hivyo, nikikumbuka makaburi madogo madogo yaliyokuwa nyuma ya vijiji vya Unguja na Pemba, naona kuwa mdudu huyu ameathiri maisha yetu kuliko wengi wa wale wakubwa tuliowakariri. Ameamua nani aishi na nani afe, mtoto gani aende skuli na yupi abaki kitandani, na mkulima gani avune karafuu zake kwa wakati.

Katika umri wangu nimeona wadudu wawili wakipigwa vita katika kisiwa kimoja cha Unguja. Mmoja ni mbung'o, ambaye alikuwa akiua ng'ombe wetu. Yeye alitoweka na hajarudi tena. Wa pili ni mbu aletaye malaria, ambaye alikaribia kushindwa nilipokuwa kijana, kisha akarudi kwa kishindo. Kisiwa kilikuwa kile kile na watu ni wale wale. Kwa nini basi mmoja aliondoka na mwingine akarudi? Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana naamini kuwa ndani ya jibu lake mna somo ambalo wajukuu zetu watalihitaji kuliko sisi tulivyolihitaji.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 1870 homa kali iliingia mjini Unguja na kuenea nyumba hadi nyumba. Ilishika viungo hata mgonjwa akashindwa kunyooka. Daktari James Christie, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi hapa wakati huo, aliandika habari za maradhi hayo mwaka 1872, na alitumia jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Wazee walimwambia kwamba homa kama hiyo ilikwisha kupita zamani, takriban mwaka 1823. Wako wataalamu wanaoona kuwa jina la homa ya dengue, ambalo leo linatumika dunia nzima, limetokana na neno letu hilo lililosafiri na majahazi na meli. Wako pia wanaosema kuwa maradhi yenyewe huenda yalikuwa chikungunya, ambayo ilitambuliwa na madaktari baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nchi ya Wamakonde, kusini ya Tanganyika, nayo ina jina la Kimakonde lenye maana ya kupinda. Maradhi yote mawili huletwa na mbu.

Msomaji atazame neno lile, pepo. Wazee wetu walimwona mgonjwa akitetemeka na kupinda, wakadhani ameingiliwa na pepo. Wazungu nao walikuwa na dhana yao. Neno malaria lina asili ya Kitaliani, na maana yake ni hewa mbaya, kwani waliamini kuwa homa inatokana na mvuke wa madimbwi. Hawa na wale walikosea, lakini wote walikaribia ukweli, kwa sababu ni kweli kwamba kitu fulani kilikuwa kikiruka hewani usiku. Walichokosa ni kukijua kitu hicho kwa jina lake.

Ujuzi ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akiwa Uchina, aligundua kuwa vijidudu viletavyo matende hukua ndani ya mwili wa mbu. Tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross, aliyekuwa daktari wa jeshi nchini India, aliona vimelea vya malaria katika tumbo la mbu. Mwaka uliofuata Wataliani, akiwamo Giovanni Battista Grassi, walithibitisha kuwa malaria ya binadamu hubebwa na mbu wa aina ya anofelesi. Tangu hapo mambo yakawa wazi. Ni mbu jike tu anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili atage mayai. Akinyonya damu ya mgonjwa huchukua vimelea, navyo hukaa ndani yake kwa muda wa wiki mbili hivi kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Kwa hiyo mbu anayetudhuru ni mbu mzee. Ukimfupishia maisha, hata kwa siku chache tu, umekata mnyororo. Jambo hili dogo ndilo msingi wa kila kitu kilichofuata.

Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kuwa DDT ina nguvu kubwa ya kuua wadudu, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Uzuri wa dawa hii ni kwamba ikipigwa ukutani hubaki na ukali wake kwa miezi. Mbu akishashiba damu huwa mzito, hutua ukutani apumzike, na hapo hukutana na mauti yake. Matumaini yakawa makubwa. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wa kuifuta malaria duniani. Sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara haikuingizwa katika mpango huo, kwa kuonekana kuwa mzigo wake ni mzito mno. Zanzibar, kwa kuwa ni visiwa, ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizojaribiwa, na kazi ilianza mwaka 1957.

Nilikuwa mtoto wa miaka saba au minane wapiga dawa walipofika kijijini kwetu, kaskazini ya Unguja. Walibeba mabomba mgongoni na walikuwa na haraka. Siku moja kabla yake mtu alipita kutangaza, na asubuhi kila kitu kilitolewa uani: vitanda, majamvi, vyungu, mtungi wa maji uliofunikwa kwa ungo, na kuku waliofungwa miguu. Wapiga dawa waliingia chumba hadi chumba, wakatoka wakaandika tarehe kwa chaki juu ya mlango. Kuta zetu za udongo zilibaki na unga mweupe, nasi watoto tulikatazwa kuzigusa. Bibi yangu hakuridhika. "Dawa gani hii," aliuliza, "inaua mbu na kunguni wanacheza?" Wapiga dawa walicheka, lakini malalamiko yake hayakuwa ya mzaha, na nimeyakumbuka mara nyingi. Raia huipima serikali kwa kunguni anayemwuma, si kwa vimelea asivyoviona. Anayetaka watu wakubali jambo la afya hana budi kwanza kuwasikiliza wanalalamikia nini.

Pamoja na manung'uniko hayo, milango ilifunguliwa. Kabla ya kazi hiyo, ukiwapima damu watoto wa vijijini, waliokuwa na vimelea walikuwa wengi kuliko waliokuwa salama. Mambo makubwa yalipita hapo katikati: uhuru wa Disemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964, Muungano wa Aprili mwaka huo huo. Upigaji dawa ulivuka yote hayo. Ilipofika mwaka 1968, waliokutwa na vimelea hawakufika watu 5 katika kila 100. Vijana wa rika langu tulifika utu uzima tukidhani kuwa homa ile ni ya hadithi za wazee.

Kisha, mwaka huo huo wa 1968, mpango ukafungwa.

Sina nia ya kumnyooshea mtu kidole, kwani wengi waliokata shauri hilo hawapo tena duniani. Tena si Zanzibar peke yake. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikiri kuwa lengo la kuifuta malaria kila mahali halikuwa likifikika kama ilivyotarajiwa. Fedha zilikuwa haba, na ugonjwa haukuonekana tena. Ni vigumu kumshawishi mtu atumie fedha kupigana na adui asiyemwona. Lakini watu 5 katika 100 si sifuri. Kila aliyewahi kupikia makumbi ya nazi anajua: moto hulala, ukaona jivu jeupe limetulia, ukasema umezimika. Ndani ya jivu kuna kaa. Upepo ukivuma kidogo tu, linawaka tena.

Upepo ulivuma. Mbu walikuwapo, mvua za masika zilikuwapo, na watu wachache wenye vimelea walikuwapo. Jambo la nne lilikuwa baya zaidi, nalo halikuonekana kwa macho. Mtu anayeumwa malaria mara kwa mara tangu utotoni, akinusurika, mwili wake hujenga kinga ya kiasi fulani. Hatapona kabisa, lakini hatakufa kirahisi. Mtu huyo akikaa miaka mingi bila kuumwa, kinga hiyo hupungua. Watoto waliozaliwa wakati wa dawa hawakuwa nayo hata kidogo. Kwa hiyo ile neema ya miaka kumi ilikuwa pia imewaacha watu bila ngao. Malaria iliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwakuta hivyo.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na nimepangiwa skuli ya kijijini. Ushahidi wangu si wa kidaktari. Ni wa daftari la mahudhurio. Kila asubuhi niliita majina, na baada ya mvua za masika mapengo yalianza kujitokeza, kwanza matatu, kisha saba, kisha nusu ya dawati la mbele. Jibu lilikuwa moja: "Ana homa, mwalimu." Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilikuwa na msichana wa darasa la tatu aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko wavulana wote. Aliumwa Jumatatu, na Alkhamisi tukaenda kuzika. Baba yake alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, sisi tulidhani kitu hiki kimekwisha." Sikuwa na jibu la kumpa. Nilirudi darasani, na daftari lilipofika kwenye jina lake, watoto wakanyamaza.

Maneno ya baba yule ndiyo muhtasari wa historia yote hii. Hakusema kwamba hawakujua, wala kwamba walipuuza. Alisema walidhani kimekwisha.

Mwaka 1981 ulianza mradi wa pili, uliosaidiwa na Marekani, ukaendelea hadi mwaka 1987. DDT ilirudi kuta­ni, lakini mbu wa miaka ya 1980 hawakuwa wale wa mwaka 1957. Wengine walikuwa wamekwisha kuizoea. Dawa inapopigwa kwa muda mrefu, mbu dhaifu hufa na wachache wenye uwezo wa kuistahimili hubaki wakazaana, hata ukoo mzima ukawa sugu. Mafanikio ya mara hii hayakufanana na yale ya kwanza, na mradi ulipokwisha homa iliendelea. Vimelea navyo vilijifunza. Kloroquini, kidonge kile kichungu tulichokitegemea sote, ilipungua nguvu mwaka hadi mwaka. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionesha kuwa ilikuwa ikishindwa kuponya zaidi ya nusu ya wagonjwa.

Kilichonihuzunisha zaidi katika miaka hiyo ni lugha yetu wenyewe. Watu walianza kusema, "Ni malaria tu." Neno hilo "tu" lilikuwa limefunika maiti nyingi. Tulikuwa tumeizoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja, ambapo kila mvua ikinyesha yeye husogeza kitanda.

Katika hali hiyo ya kukata tamaa ndipo kisa cha mbung'o kilipotokea, nacho ni kinyume cha kile cha mbu. Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina moja tu, waliokaa katika misitu na vichaka, wakieneza nagana kwa ng'ombe. Wafugaji walikuwa wakipoteza mifugo na maziwa. Serikali, kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, iliamua kumaliza kabisa, si kupunguza. Kwanza idadi yao ilishushwa kwa kuwapaka ng'ombe dawa na kutega mitego. Kisha, kuanzia mwaka 1994, mbung'o madume waliofugwa mjini Tanga na kuondolewa uwezo wa kuzaa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki, kwa mamilioni. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, lakini kazi haikusimama siku ile. Madume tasa waliendelea kumwagwa na mitego iliendelea kukaguliwa hadi mwisho wa mwaka 1997, ndipo kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Kwa zaidi ya mwaka mmoja watu walilipwa mishahara kutafuta kitu ambacho hakikuonekana. Mtu wa hesabu za fedha angeweza kusema kuwa huo ni ufujaji. Mimi nasema huo mwaka mmoja ndio ulionunua ushindi.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwa kulinganisha vitu visivyolingana. Mbung'o ni adui mwepesi zaidi. Huzaa buu mmoja mmoja, wakati mbu hutaga mayai kwa mamia na kizazi kipya kikawa tayari kwa wiki moja au mbili. Mbung'o wa Unguja walikuwa wamezungukwa na bahari, wala hapakuwa na wengine karibu wa kuja kuchukua nafasi yao. Malaria husafiri ndani ya damu ya binadamu, na binadamu hupanda boti kila siku baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam. Kwa hiyo sisemi kuwa mwaka 1968 tungeweza kumaliza kwa kuongeza mwaka mmoja. Nasema kuwa kuna maadui wa aina mbili. Yuko wa kumaliza, na kwake huna budi kuendelea hadi baada ya mwisho. Yuko pia asiyemalizika kwa uwezo tulio nao, na kwake huna budi kuendelea bila mwisho. Katika hali zote mbili, mahali pabaya pa kusimama ni pale pale ambapo mambo yameanza kupendeza.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu ya unyenyekevu wake. Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na sisi wa pwani tende na mabusha tuliyajua kwa kuyaona. Katika miji na vijiji vikubwa vyetu, mbeba maradhi hayo ni mbu wa aina nyingine, kuleksi, anayependa maji machafu ya vyoo vya shimo. Mwaka 1988, huko Makunduchi, watafiti akiwamo Christopher Curtis wa London walishirikiana na watu wa afya wa Zanzibar kufanya jambo ambalo mtu angelidhania ni mchezo wa watoto. Walimwaga katika mashimo ya vyoo yenye maji chembechembe nyeupe za plastiki nyepesi, zile zinazotumika kutengenezea vifungashio. Chembe zilielea zikafunika maji kama povu zito. Viluwiluwi walishindwa kupata hewa, na majike wakashindwa kutaga. Wakati huo huo watu wote walipewa dawa ya kuua vijidudu vilivyomo mwilini. Mbu walipungua sana, na maambukizo yakaendelea kushuka mwaka hadi mwaka. Mahali palipotolewa dawa peke yake bila kushughulikia vyoo, maambukizo yalianza kupanda tena. Tangu mwaka 2001 Zanzibar iliingia katika ugawaji wa dawa za matende kwa watu wote, visiwa vyote viwili.

Naupenda mfano huu kwa kuwa zile chembe hazikuhitaji kupigwa upya kila miezi sita. Zilikaa pale pale zikifanya kazi usiku na mchana. Laiti kila dawa ingekuwa hivyo. Lakini hata chembe hizo zina masharti: choo kikijaa na kuchimbwa kingine, lazima mtu akumbuke kuzimwaga tena. Mwishowe daima anabaki binadamu mmoja anayepaswa kukumbuka.

Sasa tuje kwenye jaribio la tatu la malaria, ambalo wengi wa wasomaji wamelishuhudia. Septemba 2003 Zanzibar iliiacha kloroquini na kuanza kutumia dawa mseto. Mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa ya kudumu viligawiwa kwa wingi, na upigaji dawa majumbani ulirudi kwa dawa mpya. Watafiti waliofuatilia wilaya yangu ya Kaskazini A waliandika matokeo mwaka 2007. Kati ya mwaka 2002 na 2005, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watoto wa umri huo waliokutwa na vimelea walishuka kutoka takriban 9 katika 100 hadi chini ya mmoja. Mwalimu mkuu hakuhitaji kusoma jarida la kitabibu ili aamini hayo. Katika miaka yangu ya mwisho ya kazi, mvua za masika zilinyesha na daftari la mahudhurio likabaki limejaa. Msomaji asiyewahi kushika daftari lile miaka ya 1970 hawezi kujua furaha iliyomo katika safu ya alama zisizo na pengo.

Tofauti na mwaka 1968, safari hii tulijifunza jambo. Ugonjwa ulipopungua, ufuatiliaji uliongezwa badala ya kuachwa. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kupeleka taarifa za wagonjwa kwa simu ya mkononi, na baadaye maofisa wa wilaya wakaanza kumfuata kila mgonjwa hadi nyumbani. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alibisha hodi kwetu. Mtoto wa jirani alikuwa amekutwa na malaria, naye alitaka kuwapima waliomzunguka.

"Shikamoo mwalimu," alisema, kwani nilikuwa nimemfundisha. "Naomba kidole chako."

"Marahaba mwanangu. Mimi siumwi," nilimwambia.

"Ndiyo maana nimekuja, mwalimu. Anayeumwa huja mwenyewe kituoni. Mimi natafuta asiyeumwa."

Jibu hilo lingemstahilisha alama zote. Kijana alikuwa akilitafuta kaa lililo chini ya jivu, kazi ambayo mwaka 1968 hatukuwa na mtu wa kuifanya.

Lakini dalili za usahaulifu zimerudi. Naona vyandarua vimezungushiwa vitalu vya mchicha na mabanda ya kuku. Nasikia vijana wakiwakatalia wapiga dawa kwa kuwa wanachafua rangi ya ukuta. Ujenzi unaongezeka mjini, na kila shimo la msingi lililoachwa wazi ni dimbwi. Mbu nao hawajalala. Wako walioanza kuzoea dawa za vyandarua, na wako wanaouma nje kabla watu hawajaingia kulala. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua nyingi, idadi ya wagonjwa wa malaria Unguja ilipanda ghafla, mjini hasa, mahali ambapo watu walikuwa wamejiona salama kabisa.

Kisha kuna suala la fedha. Jaribio la kwanza lilisimamiwa na shirika la dunia, la pili na la tatu yakasaidiwa na wageni. Nawashukuru kwa dhati, maana wako watoto wanaopumua kwa sababu yao. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na nchi nyingi za Afrika zikaona jinsi kazi ya miaka ishirini inavyoweza kutikiswa kwa barua moja. Mgeni ana haki ya kuondoka, na mwenye nyumba ndiye asiyekuwa na pa kwenda. Ningependa kuiona siku ambayo fungu la kupambana na mbu limo katika bajeti yetu kila mwaka, wagonjwa wawe wengi au wachache, kama ulivyo mshahara wa mlinzi wa usiku. Hatumwachishi mlinzi kazi kwa sababu mwizi hakuja.

Na walimu wenzangu nina ombi kwao. Wapeni watoto wa darasa la sita zamu ya kuzunguka shehia yao baada ya mvua, wahesabu madimbwi, makopo na vifuu vyenye maji, wampelekee sheha orodha, na wiki ya pili wahesabu tena. Kisha katika somo la historia wapelekeni kwa wazee wakaulize ilikuwaje baada ya mwaka 1968. Fanyeni hivyo upesi. Sisi tunaokumbuka mlango ulioandikwa chaki na darasa lililobaki na mapengo tunazidi kupungua kila mwaka, na aliyezaliwa baada ya mwaka 2006 anaweza kufika utu uzima, kama nilivyofika mimi, akidhani kitu hiki kimekwisha.